Umati Usiorudishwa na Baridi

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili jioni katika kipindi chetu cha kila wiki. Tunayachapa kama yalivyosikika.)

Ndugu msikilizaji, yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara anajua kinachotokea mvua ikianza. Matone ya kwanza yakidondoka, watu hutazama juu. Yakizidi, wenye viatu vipya huanza kusogea kwenye vibaraza vya maduka. Ikishuka mvua yenyewe, uwanjani hubaki msemaji, kipaza sauti kilichofunikwa mfuko wa nailoni, na watoto wanaofurahia madimbwi. Hapana wa kulaumiwa. Mtu ana nguo moja ya kwenda kazini kesho, na homa haina siasa.

Katika kazi yetu ya habari tunafundishwa kuhesabu watu. Mhariri huuliza, "Walikuwa wangapi?" nasi humjibu elfu tano, elfu kumi. Mara chache sana huuliza hali ya hewa ilikuwaje. Lakini watu elfu tano waliokaa uwanjani jioni yenye upepo mwanana, na watu elfu tano waliosimama kwenye mvua au baridi kali kwa saa tatu, wanaotakiwa kurudi tena kesho na wakarudi, hawawezi kuandikwa kwa tarakimu moja. Wale wa kwanza huenda walipita njia tu wakaona kuna watu. Hawa wa pili walitoka nyumbani wakijua wanakokwenda na gharama yake.

Leo nataka tulitazame jambo hili kwa mfano mmoja ulio wazi. Mfano wenyewe uko mbali na kwetu, katika mji wa Belgrade, mji mkuu wa Serbia, majira ya baridi ya mwaka 1996 kuingia 1997. Nilikuwa kijana wakati huo, nikisikiliza habari zake katika idhaa za nje za Kiswahili kwenye redio ya nyumbani, na sikuelewa hata kidogo. Nilijiuliza, watu gani hawa wanaotembea barabarani kila siku katika theluji, miezi mitatu, kwa ajili ya uchaguzi wa madiwani?

Kwanza tujue chanzo. Yugoslavia ya zamani ilikuwa imekwisha vunjika kwa vita. Zilizobaki pamoja chini ya jina hilo zilikuwa jamhuri mbili tu, Serbia na Montenegro. Mkataba wa kumaliza vita vya Bosnia ulitiwa saini Desemba 1995. Wananchi wa Serbia walikuwa wamechoshwa na vikwazo vya uchumi na mfumuko wa bei uliofanya mshahara wa mwezi usitoshe kununua mahitaji ya siku chache. Aliyeshika hatamu alikuwa Rais Slobodan Milošević na chama chake cha Kisoshalisti.

Novemba 1996 ukafanyika uchaguzi wa serikali za mitaa. Duru ya pili ilikuwa Jumapili tarehe 17 Novemba. Muungano wa vyama vya upinzani ulioitwa Zajedno, maana yake "Pamoja", ukashinda katika Belgrade yenyewe na katika miji mingine zaidi ya kumi, ukiwemo mji wa Niš ulio kusini. Viongozi wake walikuwa watatu: Vuk Drašković, Zoran Đinđić na Bi Vesna Pešić.

Huenda ukauliza, msikilizaji, halmashauri ya mji ina nini hata watu wavunje miguu kwa ajili yake? Katika nchi ile ilikuwa na mengi. Halmashauri ilikuwa na ardhi, majengo na mapato. Zaidi ya hayo, miji mingi ilikuwa na kituo chake cha redio au televisheni. Anayeshika mji anashika sauti yake. Chama tawala kilijua hivyo, na haikupita hata wiki moja kabla tume za uchaguzi na mahakama hazijaanza kufuta matokeo, huku zikitaja dosari za hapa na pale. Wananchi waliolala wakiwa washindi wakaamka wameambiwa hawakushinda.

Maandamano yalianza Niš, yakafuatiwa na Belgrade. Kila siku wanafunzi wa chuo kikuu walikutana mchana, na raia wengine wakakutana alasiri katika Uwanja wa Jamhuri, penye sanamu ya Mwana wa Mfalme Mihailo aliyepanda farasi. Siku za kawaida walikuwa makumi ya maelfu. Siku kubwa walipita laki moja.

Sasa tuzungumze juu ya baridi, maana sisi wa pwani na wa tambarare tukisikia neno hilo tunafikiria kujifunika shuka mbili. Belgrade iko mahali inapokutana mito miwili mikubwa, Sava na Danube. Mwezi wa Januari wastani wa joto la mchana na usiku uko karibu na nyuzi sifuri, yaani pale maji yanapoganda, na zipo siku ambazo hushuka chini yake kwa nyuzi kumi. Mwezi Desemba, saa kumi jioni jua limekwisha zama. Kadhalika kuna upepo wao unaoitwa košava, unaovuma kutoka kusini-mashariki kwa siku kadhaa mfululizo. Upepo huo huondoa lile joto kidogo ambalo mwili umejitengenezea ndani ya koti, na mtu akahisi baridi kuliko ile inayosomeka katika kipimajoto.

Baridi ya namna hiyo haimwingii mtu kwa kichwa, humwingia kwa nyayo. Aliyesimama juu ya mawe yenye theluji hupoteza joto kupitia soli za viatu. Baada ya nusu saa vidole vya miguu vinakufa ganzi. Baada ya saa moja mtu hasikilizi hotuba tena, anafikiria jiko. Basi serikali ilikuwa na hesabu rahisi. Haikuwa na haja ya kujibu neno. Televisheni ya taifa ilikaa siku nyingi bila kuwaonyesha waandamanaji, na ilipowataja iliwaita kundi dogo la wavunja amani. Ilitosha kungoja. Desemba ingefanya kazi ya polisi bila kulipwa.

Hesabu hiyo ilishindwa, na yafaa tuone ilishindwa vipi.

Jibu la kwanza ni miguu. Watu wa Belgrade hawakusimama tu. Walitembea. Wenyewe waliyaita maandamano yao matembezi, kama mtu anavyokwenda kupunga hewa jioni. Hotuba zilikuwa fupi, kisha umati uliondoka uwanjani ukazunguka mji kwa saa nyingi, ukapita mbele ya jengo la televisheni ya taifa, mbele ya gazeti la *Politika* lililokuwa likiiunga mkono serikali, mbele ya halmashauri ya jiji, na kurudi. Mtu anayetembea misuli yake inatengeneza joto. Anaweza kukaa nje saa tatu mahali ambapo aliyesimama angeshindwa saa moja. Zaidi ya hayo, umati unaotembea unapita chini ya madirisha ya watu. Aliyekuwa ndani akichungulia anaona jirani yake, anaona mwalimu wake, anavaa koti na kushuka.

Jibu la pili ni kelele na kicheko. Kila mtu alikuwa na filimbi shingoni, kama ya refa wa mpira. Wengine walikuja na ngoma, wengine na sufuria. Wiki za mwanzo walirusha mayai kwenye kuta za majengo ya serikali na ya vyombo vyake vya habari. Watu wanaocheka pamoja husahau vidole vyao. Tena ni vigumu kumshitaki mbele ya dunia mtu aliyekuja na filimbi kwamba amekuja kupindua nchi.

Jibu la tatu linanigusa zaidi mimi kama mtangazaji. Baridi, ndugu msikilizaji, huchagua watu. Mzee wa miaka themanini hawezi kutembea katika theluji saa tatu. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi. Mwenye pumu hawezi. Kwa hiyo umati wa siku mbaya siku zote ni mdogo kuliko idadi ya wanaoukubali, na serikali hupenda kusema, "Hao ni vijana wahuni tu, wananchi wako majumbani mwao." Watu wa Belgrade walipata dawa ya maneno hayo. Taarifa ya habari ya televisheni ya taifa ilianza saa moja na nusu usiku. Saa hiyo hiyo, nusu saa nzima, wale waliobaki majumbani walifungua madirisha, wakatoka vibarazani, wakapiga sufuria kwa vijiko na vifuniko. Waliobaki ndani walikuwa wameandamana kwa mikono. Mtaa mzima uliizima sauti ya msomaji habari. Nimesoma habari redioni miaka mingi, na sijui adhabu kali kuliko hiyo kwa mtangazaji: kupigiwa sufuria na watu ambao unajua wanakusikia.

Hapo hatuna budi kutaja redio. Palikuwa na kituo kidogo kilichoitwa B92, kilichoanzishwa na vijana mwaka 1989, mhariri wake mkuu akiwa Veran Matić. Mitambo yake haikufika mbali, lakini ndicho kilichowaambia watu wa Belgrade leo tunakutana wapi na njia ipi imefungwa. Mwishoni mwa Novemba 1996 matangazo yake yakaanza kuvurugwa. Tarehe 3 Desemba yakakatwa kabisa, na redio ya wanafunzi, Radio Index, ikanyamazishwa siku hiyo hiyo. Wakubwa walipoulizwa sababu, maelezo yaliyotolewa ni kwamba maji yameingia kwenye waya wa antena. Yaani mvua! Hali mbaya ya hewa iliyoshindwa kuwarudisha watu majumbani ikapewa kazi ya kuzima redio.

Vijana wa B92 hawakukaa wakalia. Walipeleka sauti yao kwa njia ya intaneti, ambayo wakati huo hata huko Ulaya ilikuwa jambo geni, na redio kubwa za nje zikaichukua na kuirudisha Serbia kwa masafa yao. Sauti iliyozimwa mtaani ikarudi kutoka ng'ambo ikiwa na nguvu zaidi. Tarehe 5 Desemba kituo kikaruhusiwa kurudi hewani, na waya ule ukaonekana umekauka ghafla.

Tukitoka Belgrade twende Niš. Wanafunzi wa mji huo walikuwa na ushahidi wa karatasi za matokeo, na waliona hakuna anayewasikiliza. Katikati ya Desemba wakaondoka kwa miguu kuelekea Belgrade, safari ya kilomita zipatazo 240, katika baridi hiyo niliyoieleza. Wangeweza kupanda basi, wakafika kwa saa chache, lakini nani angewatazama? Watu waliotembea kilomita 240 kuleta karatasi hawawezi kurudishwa mlangoni bila nchi nzima kuuliza karatasi hizo zina nini. Milošević, ambaye hakuwa na desturi ya kuwapokea waandamanaji, aliwapokea tarehe 17 Desemba mbele ya kamera. Miguu yao ilikuwa imekwisha wasemea kabla hawajafungua kinywa.

Serikali ikaona nayo ionyeshe umati wake. Tarehe 24 Desemba chama tawala kiliita mkutano mkubwa katikati ya Belgrade, na wafuasi wake wakaletwa kwa mabasi kutoka mikoani. Siku hiyo palitokea mapigano kati ya pande mbili. Mtu mmoja alijeruhiwa vibaya kwa risasi, na mwingine aliyepigwa alifariki. Ilikuwa siku ya huzuni na ya hatari, kwani nchi iliyotoka vitani inajua vizuri jinsi moto unavyoanza. Mkutano ulipokwisha, mabasi yakawasha injini na wageni wakarudi kwao. Kesho yake waliokuwa barabarani ni wale wale wa filimbi. Hapo ndipo hali mbaya ya hewa inapofanya kazi ya mizani. Mtu huweza kuletwa kwa basi mara moja, akapewa bendera na chakula. Kumleta kila siku kwenye theluji kwa majuma kumi na moja hakuna chama kinachoweza.

Baada ya siku hiyo wizara ya mambo ya ndani ikapiga marufuku matembezi kwa hoja kwamba yanazuia magari. Wananchi wakaijibu hoja hiyo kwa magari. Mapema Januari 1997 madereva walileta magari yao katikati ya mji, na yote, ajabu ya Mungu, yakaharibika kwa wakati mmoja. Wenyewe wakashuka, wakafungua boneti, wakatingisha vichwa kama watu waliopatwa na msiba. Mji ukasimama, na hapakuwa na maandamano hata moja. Palikuwa na magari mabovu tu.

Polisi walipoweka ukuta wa askari kwenye mtaa wa Kolarčeva, wanafunzi nao waliweka ukuta wao mbele ya ule wa askari. Walikaa hapo usiku na mchana kwa zaidi ya juma zima, wakipokezana zamu, wakipiga muziki na kucheza ili wasigande. Tafakari kidogo picha hiyo. Pande zote mbili zilikuwa na umri karibu sawa, na zote zilikuwa zinatetemeka. Lakini mwanafunzi zamu yake ikiisha alikwenda kupata chai ya moto, na aliporudi alirudi kwa hiari. Askari alikaa pale kwa amri. Baridi humchosha upesi zaidi yule ambaye hajui kwa nini amesimama.

Tarehe 27 Januari ni sikukuu ya Mtakatifu Sava, msimamizi wa shule katika nchi ile. Patriaki Pavle, mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Serbia, mzee wa miaka zaidi ya themanini, aliongoza maandamano ya kidini kupita mtaa huo huo. Hakuna ofisa aliyetaka kuwa mtu wa kumzuia patriaki. Askari wakaondoka, njia ikafunguka, na wanafunzi wakapita.

Wakati huo huo mlango mwingine ulikuwa umefunguliwa. Kwa mwaliko wa serikali yenyewe, Shirika la Usalama na Ushirikiano la Ulaya lilituma ujumbe ulioongozwa na Felipe González, aliyekuwa waziri mkuu wa Hispania. Taarifa yake ya tarehe 27 Desemba 1996 ilithibitisha kwamba upinzani ulikuwa umeshinda katika miji ile. Tangu hapo hoja ya "wahuni wachache" ilikufa. Hata hivyo taarifa peke yake isingetosha. Dunia ina kabati nyingi zilizojaa taarifa nzuri. Hii haikuwekwa kabatini kwa sababu kila alasiri, theluji au jua, palikuwa na watu barabarani walioiuliza serikali, "Imefika wapi?"

Likabaki jaribio la mwisho. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Februari 1997, polisi waliwashambulia waandamanaji karibu na daraja la Branko, linalovuka mto Sava. Walitumia virungu na magari ya kurusha maji. Msikilizaji wa nchi ya joto anaweza kudhani maji ni afadhali kuliko virungu. Katika usiku wa Februari huko, kumlowesha mtu ni kumkabidhi kwa baridi. Koti lililolowa halina joto, na mwili huanza kutetemeka bila kukoma. Watu wengi waliumizwa, Bi Pešić akiwa miongoni mwao. Hapo serikali ilikiri kwa vitendo kwamba baridi peke yake imeshindwa, na sasa inabidi isaidiwe.

Kesho yake watu walirudi. Tarehe 4 Februari Milošević alimwandikia waziri mkuu wake akitaka iandaliwe sheria maalumu ya kuyatambua matokeo. Bunge likaipitisha tarehe 11 Februari. Tarehe 21 Februari Zoran Đinđić akachaguliwa kuwa meya wa Belgrade, wa kwanza asiye wa chama cha Kikomunisti wala warithi wake tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kutoka siku ya kupiga kura hadi sheria ile zilipita siku themanini na sita.

Nisingetenda haki kama ningeishia hapo kwenye vigelegele. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawa walichumia kwenye theluji, lakini walipofika kivulini viongozi wao waligombania sahani. Muungano ulioitwa "Pamoja" ulisambaratika mwaka huo huo. Mwishoni mwa Septemba 1997 Đinđić aliondolewa umeya, na chama cha Drašković, mwenzake wa matembezi yote yale, kilishiriki kumwondoa. Mwananchi aliyekuwa ameharibu viatu viwili kwa ajili yao alitazama hayo akiwa nyumbani, safari hii bila baridi, na nadhani yalimuumiza kuliko maji ya polisi. Milošević alibaki madarakani hadi Oktoba 2000, alipokataa kushindwa tena katika uchaguzi, na watu wakatoka tena. Wengi waliotoka mara hiyo ya pili walikuwa wamejifunza shule yao katika theluji ya 1996. Đinđić naye aliuawa kwa risasi Belgrade tarehe 12 Machi 2003, akiwa waziri mkuu.

Hali kama ile imeonekana pengine pia. Mjini Kyiv, Ukraine, Novemba 2004, watu waliopinga matokeo ya uchaguzi wa rais hawakutembea, walikaa. Anayekaa katika baridi anahitaji vitu ambavyo anayetembea hahitaji: mahema, chakula cha moto, nguo kavu na mahali pa kulala kwa zamu. Walipiga mahema katika barabara kuu ya Khreshchatyk, wenyeji wa mji wakawaletea chakula na blanketi na wengine wakawakaribisha majumbani mwao, na milango ya halmashauri ya jiji ikafunguliwa wapate joto. Tarehe 3 Desemba Mahakama Kuu iliamuru duru ya pili irudiwe. Njia ilikuwa tofauti, lakini somo lilikuwa lile lile: azma ya moyo haitoshi bila mipango ya miguu na tumbo.

Basi tunajifunza nini? La kwanza ni kwa sisi waandishi. Tukienda kuandika habari ya mkutano, tusilete idadi peke yake. Tuseme kulikuwa na hali gani, watu walikaa muda gani, walifika kwa miguu au kwa mabasi, na kesho yake walirudi au hawakurudi. Hayo manne yatamweleza msomaji zaidi ya tarakimu yoyote.

La pili ni kwa wanaotawala, popote walipo. Wapo wanaoshangilia wakiona mawingu siku ya mkutano wa wapinzani wao. Mvua ikiwatawanya watu, hilo halina maana kwamba malalamiko yao yamekwisha. Yamekwenda kujikinga tu. Lakini mvua ikishindwa kuwatawanya, mtawala mwenye busara hangoji kipimajoto kishuke zaidi. Anauliza upesi kuna nini, maana watu hawakai kwenye theluji miezi mitatu kwa kuchochewa. Uchochezi huisha nguvu mtu akilowa.

La tatu ni kwa wanaoongoza umati, na pengine ndilo zito kuliko yote. Kusimama kwenye mvua si ushahidi kwamba mtu ana haki. Watu wanaweza kustahimili baridi kwa jambo la kweli, na wanaweza kuistahimili kwa jambo walilodanganywa. Kinachothibitishwa na baridi ni kimoja tu, kwamba jambo hilo kwao lina uzito. Kiongozi anayewaita watu watoke katika hali kama hiyo amekopa kitu kikubwa. Amekopa afya zao, siku zao za kazi, na imani yao. Wale watatu wa Belgrade walikopa kwa siku themanini na sita, na deni hilo likawashinda kulipa katika miezi saba tu.

Nikikumbuka ile redio ya nyumbani na swali langu la ujana, sasa nadhani najua jibu lake. Watu wale hawakuganda barabarani kwa ajili ya viti vya madiwani. Walikuwa wamepiga kura, wakazihesabu, kisha wakaambiwa hawajui kuhesabu. Mtu anaweza kuvumilia njaa na bei za juu kwa miaka, lakini ukimwambia kwamba alichokiona kwa macho yake hakikuwepo, atavaa koti lake na kutoka nje, hata kama nje kunaganda.

Ndugu msikilizaji, tukijaliwa tutakutana tena wiki ijayo saa hii hii. Kwaheri.